Gusa Injini Kabla ya Kusalimia

Nyie mnaokaa pale kijiweni karibu na soko, ambao kila nikipita mnanyamaza kwanza halafu mnapiga honi zote kwa pamoja, leo nawajibu. Mmeniuliza mara nyingi: mzee aliyestaafu ufundi, magoti yanalia kama bawaba, amepata wapi akili ya kununua pikipiki ambayo ikisimama mbele ya duka mwenye duka anatoka kuangalia nani amemzibia mwanga? Na mmeniuliza niliichaguaje. Hilo la pili ni swali la ufundi, nitalijibu vizuri. La kwanza jibu lake linaitwa Mama Limbu, na yuko jikoni anakaanga karanga huku akinisikiliza, maana mimi hutamka kila ninachoandika. Kwa hiyo nitasema ukweli.

Nilishika spana nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaiweka chini vidole vilipoanza kuwa na maoni yao. Banda langu lilikuwa Misunkumilo, bati chache na nguzo za mkaratusi, na ukutani ubao nilioupaka kwa mkono wangu: TUNATENGENEZA, HATUBAHATISHI. Tulibahatisha sana. Lakini kazi iliyonipa jina ni kusindikiza wanunuzi. Mtu akivuna, akiuza mpunga au ndama wawili, akitaka pikipiki iliyokwisha kutumika, ananipitia twende wote kuikagua. Nimekagua pikipiki kwenye mashamba ya tumbaku. Nimekagua kwenye uwanja wa kanisa. Nimekagua moja kwenye harusi, muuzaji akiwa bwana harusi mwenyewe, tukamsubiri akate keki ndipo atupe ufunguo.

Miaka yote hiyo nilichagulia watu. Mimi mwenyewe nilikuwa natembelea chochote kilichobaki bandani, leo ina tenki la hii na taa ya ile, kesho mwenyewe amekuja kuichukua.

Na hapo ndipo ilipo ahadi. Mama Limbu ni Msukuma. Alifika huku kwetu, upande wa Mpimbwe, akiwa na miaka tisa, kwa miguu, kutoka Magu, nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Walitembea karibu kiangazi chote. Dada yake mkubwa, Kwandu, alikuwa ameshaolewa, akabaki. Tulipokuwa tunachumbiana nilimuuliza anataka nini kutoka kwangu, nikitegemea aseme kitenge au redio. Akasema, "Nilikuja huku naangalia mikia ya ng'ombe. Siku moja nataka kurudi kwa dada nimekaa, naangalia mbele."

Nikamwahidi kumpeleka kwa pikipiki mpaka mlangoni. Nilisema kwa sauti kubwa, mkono mmoja kwenye usukani. Pikipiki ilikuwa ya mteja.

Kwandu amekuja kwetu mara mbili kwa basi. Sisi hatukwenda hata mara moja. Mwaka huu barabara ina matope, mwaka ule mteja ananisubiri, mwaka mwingine mtoto anaingia sekondari. Halafu lami ikafika mpaka Tabora, na sababu zangu zote zikafa siku moja. Mama Limbu alikwenda sokoni, akanunua mkoba wa safari wa rangi nyekundu, akautundika kwenye msumari sebuleni, mbele ya kiti changu. Kila nikiinua tonge, nauona. Hakusema kitu hadi nilipostaafu. Siku hiyo aliweka sahani mezani, akasema, "Baba Limbu, wateja huna tena, lami ipo, watoto wana maisha yao. Mkoba huo ukipauka rangi, napanda basi. Wewe utabaki na spana zako mzungumze."

Sasa msiniambie kwamba pikipiki za kawaida zinafika Magu. Najua zinafika. Lakini zinafika na vijana. Watu wa umri wetu, wawili, na mizigo, siku mbili barabarani, wanahitaji pikipiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: injini ya silinda nne isiyochoka, kioo cha kukata upepo, masanduku mawili ubavuni, na siti ya nyuma pana kama kochi. Mmeziona. Ni zile zinazotangulia misafara ya viongozi. Mpya hazinihusu. Nilitaka ya mtu aliyeinunua kwa tamaa akaishindwa kwa aibu, kwa sababu hizo ndizo hutunzwa vizuri kuliko zote.

Na mtu huyo alikuwepo hapa hapa mjini. Mzee Athumani, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameletewa moja kutoka Dar, ya bluu iliyoiva, na ilikuwa stoo kwake chini ya turubai, katikati ya saruji na misumari. Nilimpigia simu. Akaniambia nije baada ya adhuhuri.

Nikaenda saa nne asubuhi. Hilo la kwanza liandikeni: muuzaji akikupa saa, wewe nenda mapema.

Mzee Athumani alikuwa mlangoni na kanzu safi. Akanyoosha mkono. Nilimpita. Nilimpita mtu mzima, mwenye heshima zake, mkono uko hewani, nikaingia stoo, nikainua turubai, nikaweka kiganja changu kwenye injini.

Kabla hamjanihukumu, niwapeleke Kibaoni.

Nilikuwa fundi wa mwaka wa tatu, nimeanza kujiona. Mkulima mmoja wa mpunga alinichukua tukakague pikipiki huko Kibaoni. Muuzaji alitupokea kama wakwe. Viti, maji ya kunawa, uji, karanga. Halafu salamu. Nyie mnazijua salamu za huku. Alituuliza habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, za ng'ombe, na sisi hatuna ng'ombe, za mjomba wa mteja wangu aliyekuwa akiumwa jino. Tulipomaliza ndipo nikasimama, nikagusa injini. Ya baridi. Nikaipiga kiki, ikawaka mara ya kwanza. Nikamwambia mteja wangu, chukua, injini ya baridi ikiwaka hivi haina neno.

Kesho yake asubuhi haikuwaka. Tuliisukuma kutoka kwake mpaka kwa jirani, kutoka kwa jirani mpaka shuleni, wanafunzi wakatusaidia, ikawaka tulipofika karibu na ghala la mpunga. Bwana yule wa Kibaoni aliisukuma alfajiri, akaiungurumisha mpaka ikapata joto la ndani kabisa, akaizima aliposikia tumefika kona, halafu akatusalimia mpaka ngozi ya injini ikapoa. Ndani ilikuwa bado na moto, nje imeshakuwa mpole. Uji ule ulikuwa wa kazi.

Mwalimu wangu, Mzee Kalinde, aliyeanza na mashine za kusaga kabla hajajua pikipiki, alinisikiliza mpaka mwisho. Akacheka, akakaa chini kwenye tairi, akacheka tena. "Kijana," akasema, "umekagua salamu, hukukagua injini. Kuanzia leo gusa kabla ya kusalimia. Mwenye pikipiki nzima hatakasirika. Akikasirika sana, ondoka."

Tangu hapo nimekuwa mtu asiye na adabu kuliko wote mkoa huu, kwa dakika moja kila siku. Watu walinizoea. Walikuwa wanasema, fundi yule anasalimia ekzosi kwanza, halafu mwenyewe.

Turudi stoo. Kiganja changu kilikuta baridi, baridi mpaka ndani, baridi ya chuma kilicholala miezi.

"Fundi," Mzee Athumani akasema nyuma yangu, "mkono wangu unaota nyasi huku."

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba. Na yenyewe imeitikiaje?"

"Inasema haijaamshwa leo."

"Haijaamshwa tangu Ramadhani. Kaa tunywe chai."

"Nikimaliza."

Nikaizunguka. Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana elimu. Usianze na injini, anza na mikwaruzo. Mkwaruzo mrefu, wa kuvutwa, ni wa pikipiki iliyoanguka inakimbia. Hapo angalia fremu, angalia kama gurudumu la mbele na la nyuma yanafuatana. Mkwaruzo mfupi wa kubonyea, kwenye ncha ya klachi, ncha ya kioo na kona ya sanduku, ni wa pikipiki iliyodondoka imesimama. Haina madhara, ina hadithi tu. Hii ilikuwa na ya namna hiyo, yote upande wa kushoto.

"Ilidondoka imesimama," nikasema. "Mara mbili."

Mzee Athumani aliangalia saruji yake. Ni mtu mfupi, hilo halina siri. "Mara tatu," akasema. "Ya tatu ilikuwa mbele ya msikiti, Ijumaa, watu wanatoka. Miguu haifiki chini, fundi. Mtu wa Dar aliniambia nitazoea. Nitazoeaje kurefuka?"

Nikaisimamisha kwa stendi ya katikati, nikainua mbele, nikazungusha usukani polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Ukihisi unakwama kidogo pale katikati, kama droo yenye mchanga, beringi za shingo zimekwisha. Kwenye mwendo mrefu zitakupeleka zinakotaka. Hii ilizunguka kama mlango wa benki. Nikalinganisha namba ya fremu na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, maana pikipiki nzima yenye kadi ya pikipiki nyingine ni mzigo wa polisi. Nikaangalia mafuta ya breki, yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Nikaangalia tairi. Kashata zake, yale meno ya mpira, zilikuwa nzima, bado ndefu, na kijana angefurahi. Lakini ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na za hizi zilikuwa za zamani sana. Mpira ulikuwa umekauka na kuanza nyufa ndogo ndogo. Tairi ya namna hiyo ni nzuri kwa kuonyesha wageni. Safari haiendi.

"Tairi mbili mpya, mafuta ya breki, betri," nikamwambia.

"Betri mpya ipo, imo kwenye boksi. Nilinunua ili nijipe moyo."

Tukaifunga betri. Nikabonyeza stata. Vijana, nimewasha pikipiki nyingi kuliko nilivyokula chakula cha moto. Zimenipigia kelele, zimekohoa, zimenitemea moshi usoni, moja iliwahi kunirudishia kiki ikanivunja kisigino. Hii haikupiga kelele. Ilisema "mmm," kama mtu aliyeonja mchuzi akaukubali. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, maana chuma hupitisha siri, nikasikiliza silinda moja moja. Zote nne zilikuwa zinaimba wimbo mmoja. Nilipoinua kichwa, macho yalikuwa na maji. Nilisingizia vumbi la saruji.

Sasa kanuni ya pili: usiende kununua peke yako, nenda na mtu asiyetaka ununue. Mimi nilikuwa nimekwenda na Mama Limbu. Nilimpa kazi ya kuichukia. Tulikubaliana tangu nyumbani: mimi nikianza kulainika, yeye aseme ni kubwa mno, rangi mbaya, twende zetu. Nikageuka kumtafuta.

Alikuwa ameshapanda. Amekaa siti ya nyuma, ameegemeza mgongo kwenye kiegemeo, mkoba mwekundu mapajani. Sikujua hata kwamba ameubeba.

"Mama Limbu, unasemaje?" nikamuuliza, nikimkonyeza.

"Mzee Athumani," akasema, "una turubai lingine? Hili la kwako tutakurudishia."

Tulielewana kabla chai haijapoa.

Tairi mpya zilipofika tukaenda kuijaribu mpaka Kasokola, sisi wawili, helmeti mpya, koti langu la harusi. Ilikuwa asubuhi ya jua jepesi, mahindi yameshavunwa, upepo una harufu ya majani makavu. Nilitia gia ya tatu, ya nne, na barabara ikaanza kunywewa kama uzi wa tambi. Nikaimba. Mama Limbu naye akaimba, wimbo mwingine kabisa. Watu wa Kasokola walipoona taa zile kubwa na kioo kile, wakatoka kwenye mashamba na nyumba, wakasimama pembeni ya barabara, akina mama wakafunga kanga vizuri. Mwalimu mmoja aliwatoa watoto darasani wakasimama mstari. Tukapita, Mama Limbu akapunga mkono. Nilipoangalia kwenye kioo, hakuna aliyekuwa akituangalia sisi. Wote wameelekeza shingo tulikotoka, wanasubiri msafara.

Tulikwenda, tukageuka, tukarudi. Walikuwa bado wamesimama.

"Maskini," Mama Limbu akanipigia kelele begani. "Wananisubiri mimi, na nimeshapita mara mbili."

Jioni hiyo akampigia Kwandu simu, akaweka sauti nje ili nisikie. Tunakuja, tunaondoka Jumamosi, Jumapili jioni tuko kwako, kwa pikipiki. Kwandu alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Shemeji amekuwa akija na pikipiki tangu sijapata mvi," akasema. "Mtapanda basi mpaka hapo mjini, mtaazima pikipiki ya mtu, mje mnapuliza honi. Nawajua."

"Dada, safari hii ni kweli."

"Sawa. Si ulinihadithia mumeo anagusa injini kabla ya kusalimia watu? Na mimi nitaigusa kabla sijawasalimia. Nikikuta ya baridi, mtalala nje na mbuzi. Nimeshawaambia majirani waje kushuhudia."

Kwa hiyo mnaelewa nilikuwa nimesimama wapi siku ile ya Alhamisi nilipoharibu kila kitu.

Hapa kwetu pikipiki haihesabiwi kuwa imenunuliwa mpaka imepita kwa mtu wa kuchomelea. Nyie wenyewe mnajua. Inatoka dukani na nailoni yake, haijaenda nyumbani, inakwenda kuongezewa bampa la mbele, vyuma vya miguu, keria ya nyuma ya kubeba gunia. Nimepeleka pikipiki kuchomelewa tangu ujana wangu. Na safari hii nilikuwa na sababu: masanduku yalijaa nguo, na huwezi kuingia kwa Wasukuma mikono mitupu. Nilitaka kumpelekea Kwandu mchele wa Kibaoni, mchele wa nchi waliyoifuata ng'ombe wao. Nusu gunia. Lilihitaji keria.

Zakaria, mchomeleaji, aliizunguka pikipiki akipiga mluzi. Akapima, akakata bomba, akabana waya wake wa ardhi kwenye fremu, akavaa miwani yake. Cheche zikaruka. Keria ilitoka nzuri, imenyooka, hata Zakaria mwenyewe aliipiga picha. Nikaweka ufunguo, nikauzungusha.

Kimya. Hakuna taa, hakuna mshale uliocheza, hakuna hata ule mlio mdogo wa pampu ya mafuta. Nikazungusha tena.

"Labda imechoka," Zakaria akasema.

"Haijaenda popote, Zakaria."

"Labda imesusa rangi ya keria."

Mliokuwepo mnakumbuka, kwa sababu ni nyie mlioisukuma mpaka nyumbani, mkiimba nyimbo za kuzika. Niliwachukia kwa dhati. Nikaifungua mchana huo huo. Nikatoa plagi zote nne, nikapima waya, nikaangalia fyuzi kwenye kisanduku chake, moja moja, zote nzima. Nikalala na grisi. Ijumaa asubuhi nikaanza upya. Nilipoingia ndani kunywa maji, niliona mkoba mwekundu, ambao siku nzima ya Alhamisi ulikuwa kitandani umejaa, umerudi kwenye msumari.

Mama Limbu alikuwa anapepeta mchele. Hakuniangalia. "Basi la Tabora," akasema, "siku hizi linatoka saa ngapi?"

Nilitoka nje nikakaa chini kando ya pikipiki. Nilikuwa naweza kustahimili majirani wa Magu, mbuzi, na nyie na nyimbo zenu. Lakini sauti ile haikuwa na hasira hata chembe, na ndiyo maana nikachukua simu nikampigia Neema.

Neema mnamfahamu, ana kibanda karibu na stendi, anatengeneza umeme wa magari kwa kompyuta. Alipofungua kibanda chake nilipita pale na wenzangu nikasimama nikacheka. Nilimwambia, mbele ya watu, "Binti, injini haisomi meseji." Maneno yangu hayo. Nikamweleza kwenye simu kwamba pikipiki imekufa, na kwamba mimi ndiye yule mzee. Akasema, "Nakujua, baba. Nakuja."

Alikuja na mkoba mdogo begani. Nilisimama kumpokea, nikajipangusa mkono, nikaunyoosha. Akanipita. Wallahi alinipita, mkono wangu uko hewani, hakuna shikamoo, akainua siti, akaweka kidole kwenye kichwa cha betri. Nikakasirika kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu nikasikia kicheko cha Mzee Kalinde, yule marehemu, kikinitoka mimi mwenyewe kifuani.

"Baba," Neema akasema bila kuinua kichwa, "mlipochomelea, mlichomoa betri?"

Hili ni la tatu, na mliandike kwa wino mwekundu.

"Nimechomelea pikipiki za mkoa mzima," nikasema kama mwanafunzi, "na sijawahi kuchomoa betri."

"Hizo hazikuwa na kompyuta. Moto wa kuchomelea unapita kwenye fremu. Ukikuta betri imeunganishwa, unaingia mpaka huku." Ndipo akanigeukia. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Alifungua kava la kushoto, lile lenye makovu ya msikitini, akapenyeza vidole pembeni ya stata. Kulikuwa na fyuzi nyingine huko, kubwa, imejificha peke yake, mbali na wenzake wote niliowakagua. Ilikuwa nyeusi. Akaweka mpya. Dashibodi ikawaka, mishale ikapanda ikashuka, na taa moja ya njano ikabaki. Akachomeka kifaa chake chini ya siti, akakitazama, mimi nimemwinamia begani kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe.

"Inasemaje?"

"Inasema ilishtuka. Kompyuta yenyewe imepona, una bahati. Siku nyingine haitapona." Akabonyeza, taa ya njano ikazimika. "Washa."

Ikasema "mmm."

Mama Limbu alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Aliuweka chini taratibu, akaingia ndani, nikasikia msumari ukilia kidogo, ule mlio wa kitu kilichotolewa juu yake.

Nilimuuliza Neema nimpe nini. Akasema, "Nifundishe ile ya bisibisi sikioni. Kifaa changu hakisikii beringi." Tulikaa hapo mpaka jua likaanza kushuka, yeye na mpini sikioni, mimi nikimweleza chuma kipi kinacheka na kipi kinalalamika.

Tukaondoka Jumamosi jua linachomoza. Sitawaeleza safari yote, nitawachosha na mtataka kuiazima pikipiki. Inyonga tukapita watu wanapiga mswaki. Misitu ya miombo ikafunguka pande zote, lami nyeusi katikati, kilometa baada ya kilometa bila gari, na mimi nikiwa na mvi zangu nikipiga kelele ndani ya helmeti kama ndama aliyefunguliwa. Mama Limbu nyuma yangu alikuwa anasoma njia.

"Hapa tulilala siku mbili, ng'ombe amezaa," akasema tulipofika kwenye mto. "Baba akambeba ndama..."

"Wapi?"

"Tumeshapita. Ilituchukua siku mbili, umepita kabla sijamaliza kusema."

Mto uliofuata, akasema ni hapa. Na uliofuata huo. Ng'ombe yule alizaa kwenye kila mto kutoka Sikonge mpaka Tabora, na kila mara alicheka peke yake mgongoni kwangu nikahisi kicheko chenyewe kupitia koti.

Tulilala Tabora. Jumapili tukashika Nzega, Shinyanga, Mwanza, na jioni, jua likiwa usawa wa macho, tukaingia Magu, tukaacha lami, tukafuata njia ya mchanga katikati ya majaruba ya mpunga. Kwandu alikuwa amesimama uani, mrefu, kanga kiunoni, na nyuma yake majirani kama waliokuja kwenye kesi. Nikazima injini.

Akaja. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono, nikaurudisha, nilijua. Alimpita mdogo wake, akanipita mimi, akainama, akasogeza kiganja mpaka karibu na injini, akakirudisha haraka, akakipuliza.

Aliwageukia majirani, akawaambia kwa Kisukuma maneno machache ambayo hata mimi nilielewa. Ya moto. Wametoka nayo huko huko.

Miaka yangu yote ya kazi nilitafuta injini ya baridi. Siku hiyo nilisimama kwenye ua wa watu, koti la harusi limejaa vumbi, nikajivunia moto.

Ndipo Kwandu akamgeukia mdogo wake, uso umelowa, akamshika goti, maana alikuwa bado yuko juu, mgongo kwenye kiegemeo, mkoba mwekundu mapajani, nusu gunia la mchele nyuma yake.

"Mwadila, mdogo wangu," akamsalimia kwa Kisukuma. "Shuka basi."

"Mwadila, dada," Mama Limbu akajibu. Lakini hakushuka. Alikuwa anaangalia ule ua, nyumba, mti wa mkuyu aliouacha akiwa na miaka tisa, vyote viko mbele yake. "Niache kidogo. Bado nimekaa."